Nani Analipa Gharama ya Kuonekana?

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wa kamera mliokaa huku mbele, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie dokumentari za China zinazowahusu watu wa pembezoni. Naomba nianze na kijana mmoja na mfuko wake wa plastiki.

Kijana huyu bado hajafika hata miaka 20. Anaishi na baba yake kwenye kibanda kando ya reli za viwandani, katika mji wa Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China. Baba ana jicho moja. Hana ajira inayotambulika. Anaokota makaa ya mawe kwenye njia ya treni na kuyauza, na amekaa pale miaka mingi kwa sababu tu anaelewana na watu wa reli. Siku moja polisi wanamchukua. Kijana anabaki peke yake kibandani. Anatoa mfuko, ndani mna picha za zamani za familia, anazitazama moja baada ya nyingine, na machozi yanamtoka bila sauti. Baba akiachiwa, wanakwenda mkahawani kula pamoja. Kijana anakunywa, analewa, analia, miguu inakataa. Yule baba mwenye jicho moja anamweka mgongoni, anambeba gizani mpaka nyumbani.

Hayo yamo katika sehemu ya tatu ya filamu ya Wang Bing iitwayo Tie Xi Qu, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jina hilo ni la wilaya yenyewe. Tiexi maana yake ni magharibi ya reli. Filamu ina dakika 551, yaani saa tisa na ushei. Wapo wanaosikia urefu huo wakakata tamaa kabla ya kukaa kitako. Mimi niliitazama kwa siku tatu, jioni kwa jioni, na sehemu ya kwanza ndiyo iliyonishika kuliko zote, ingawa humo hakuna tukio kubwa hata moja. Wanaume wamekaa kwenye chumba cha mapumziko cha kiwanda cha kuyeyusha madini. Wanacheza karata. Wanaoga. Wanagombana kidogo, wanacheka. Wanaulizana mshahara wa miezi iliyopita utatoka lini. Anaingia mtu anasema kiwanda kinafungwa, na mchezo wa karata unaendelea.

Marehemu baba yangu alipunguzwa kazini kwenye kiwanda cha nguo miaka ya tisini. Wakubwa mliomo humu mnajua neno hilo "kupunguzwa" lilivyoingia majumbani mwetu, na lilivyofuatana na jingine, "kiinua mgongo", ambacho kwa wengi hakikuinua chochote. Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa muda mrefu baada ya hapo. Anavaa, anakaa kibarazani. Hakuna aliyempiga picha akiwa amekaa pale. Ndiyo maana nilipowaona wale wanaume wa Shenyang na karata zao, nilinyamaza nikasahau chai yangu.

Sasa niwaeleze kidogo kilichokuwa kimetokea, maana bila hilo filamu hizi zinaonekana ni huzuni tu.

Katika China ya viwanda vya serikali, mahali pa kazi palikuwa zaidi ya kazi. Wao wanapaita danwei. Danwei ilikupa nyumba, zahanati, shule ya watoto, hata ukumbi wa sinema. Ajira hiyo watu waliifananisha na bakuli la chuma: halivunjiki. Tiexi ilikuwa moyo wa mambo hayo. Viwanda vyake vilianzishwa na Wajapani walipoikalia Manchuria, yaani kaskazini-mashariki mwa China, katika miaka ya 1930, vikapanuliwa baada ya vita kwa msaada wa Wasovieti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wapatao 1,000,000 walikuwa wakifanya kazi humo. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya serikali vilifungwa au kuuzwa nchi nzima, na makumi ya mamilioni ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Bakuli la chuma likavunjika.

Upande wa pili walikuwepo wakulima. Tangu mwaka 1958 China ina utaratibu wa kumsajili kila mtu mahali familia yake iliposajiliwa, unaitwa hukou. Aliyesajiliwa kijijini akienda mjini anaweza kujenga ghorofa la watu kwa mikono yake, lakini shule ya mtoto wake na matibabu yake vimebaki kule kijijini. Miji mipya mnayoiona kwenye televisheni, yenye taa usiku kucha, imejengwa na watu ambao kwa karatasi hawakuwa wakazi wake.

Hao ndio wakaja kuwa watu wa filamu hizi: mfanyakazi aliyepunguzwa, kibarua wa kutoka kijijini, mkulima anayehamishwa, mwokota taka, mwenye kesi isiyosikilizwa. Waandishi wa huko wana neno diceng, tabaka la chini. Sisi tungesema walalahoi.

Kabla ya hapo, dokumentari nchini humo ilikuwa mali ya televisheni ya taifa: picha nzuri, na juu yake sauti nzito inayokwambia unachokiona kina maana gani. Aliyehesabiwa kuwa wa kwanza kuikata sauti hiyo ni Wu Wenguang, mzaliwa wa Kunming mkoani Yunnan, ambaye mwenyewe alipitia televisheni. Mwaka 1990 alikamilisha filamu kuhusu wasanii watano waliokuwa wakiishi Beijing bila ajira ya serikali wala kibali cha ukazi. Waliongea wenyewe, vyumbani mwao, kwa mapumziko yao na kigugumizi chao. Mwaka uliofuata filamu ikaonyeshwa katika tamasha la dokumentari la Yamagata, Japani, ambako Wu alikutana na kazi za Ogawa Shinsuke, mtengenezaji dokumentari wa Kijapani.

Huyu Ogawa naomba nimkalie kidogo. Alihamia na kikundi chake katika kijiji cha Magino na kuishi huko zaidi ya miaka kumi. Walilima mpunga. Walijifunza udongo, baridi, na magonjwa ya mche, na huku wakipiga picha. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ogawa alilipokea jembe, na Wachina waliomfuata walilielewa somo hilo. Wana neno lao, xianchang, mahali penyewe ambapo jambo linatokea, papo kwa papo. Kwa maneno mengine, uwepo. Usije kesho ukamwomba mtu arudie alichokifanya leo.

Kilichowawezesha wengi kuwepo ni kifaa. Katikati ya miaka ya 1990 kamera ndogo za kanda za DV, yaani za video ya kidijitali, zilifika madukani. Huhitaji tena gari la televisheni, watu sita na barua ya ofisi. Wang Bing alipoingia Tiexi mwaka 1999 alikuwa na kamera ndogo ya kukodi, na sehemu kubwa ya kazi aliifanya peke yake mpaka mwaka 2001. Alikuja na saa zipatazo 300 za picha. Hebu ifikirieni hesabu hiyo. Mtu anayepiga saa 300 muda mwingi anangoja tu, na wale wanaopigwa wanamwona anavyongoja. Wanamzoea kama wanavyolizoea jiko la makaa kwenye kona ya chumba.

Mpaka hapo ningeweza kumaliza kwa kuwasihi mkae na watu, mkae sana. Nimeyasema hayo darasani miaka mingi. Lakini nimezidi kuziangalia filamu hizi na nimeona kwamba kukaa sana kunazaa deni, na deni hilo watengenezaji wa China walikutana nalo uso kwa uso.

Mwaka 2009 Lixin Fan alitoa filamu kuhusu familia moja ya Sichuan. Wazazi wanashona nguo kiwandani Guangdong. Watoto wamebaki kwa bibi. Kila mwaka mpya wa Kichina wazazi wanapigania tiketi ya treni kurudi nyumbani, pamoja na vibarua wengine milioni 130. Binti mkubwa anaacha shule naye aende kiwandani, na wazazi waliovumilia miaka yote kwa ajili ya shule hiyo wanaumia. Katika sikukuu baba na binti wanagombana, baba anampiga, na binti anaigeukia kamera akipiga kelele: mlitaka kunipiga picha nilivyo kweli? Basi huyu ndiye mimi wa kweli.

Kila nikifika hapo najiuliza anamwambia nani. Baba yake? Anamwambia Fan, na anatuambia sisi tuliokaa kwenye viti. Familia ile ilifungua mlango, na siku ya aibu yake mlango ukawa bado wazi.

Zhao Liang yeye alirekodi miaka 12, kuanzia 1996. Filamu yake inahusu watu waliosafiri kutoka mikoani kupeleka malalamiko yao Beijing, kwenye ofisi za serikali kuu zinazopokea mashtaka ya wananchi. Waliishi kwenye vibanda karibu na stesheni ya kusini, wengine kwa miaka, wakishika makaratasi yao, wakikimbia watu waliotumwa na mikoa kuwarudisha kwa nguvu. Mwishoni mtaa ule unabomolewa, stesheni mpya inajengwa, na Michezo ya Olimpiki ya 2008 inafunguliwa. Kuna mama aliyefika pale na binti yake mdogo akidai haki ya mumewe aliyekufa. Binti anakulia kwenye vibanda vile. Akiwa msichana mkubwa anaamua kuondoka akaanze maisha yake, na mtu anayemweleza siri hiyo ni mwenye kamera. Mama hajui. Zhao anajua. Mama alipogundua, alimlaumu Zhao. Na Zhao ameuacha ukali ule wa mama ndani ya filamu. Angeweza kuukata, maana mkasi ulikuwa mikononi mwake. Kwa kuuacha amekubali mbele ya watazamaji kwamba miaka 12 imemfanya awe mmoja wa wahusika, mwenye lawama kama wahusika wengine.

Lipo jambo zito zaidi. Mwaka 2008 Xu Tong alikamilisha filamu inayomfuata msichana anayeuza mwili pembezoni mwa Beijing, na anayerudi kijijini kumuuguza baba na kusaidia mavuno ya ngano. Kama picha, ni filamu yenye huruma, sitakataa. Lakini sura zilionekana wazi, na kijiji kilitambulika. Filamu ilipoonyeshwa Hong Kong mwaka 2009, makundi yanayotetea haki za wanawake wa kazi ile yalipinga, yakiuliza kama waliomo ndani waliridhia kweli kuonyeshwa hivyo hadharani. Mabishano yakaendelea kwa muda mrefu miongoni mwa wenye fani. Wapo waliomtetea Xu wakisema bila ujasiri huo tabaka la chini halitaonekana kamwe.

Mimi siko nao. Na naomba vijana mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote leo. Tajiri akipigwa picha vibaya ana wakili, ana pesa ya kuhama mtaa, ana rafiki mhariri. Mtu wa pembezoni mara nyingi ana kitu kimoja tu kinachomlinda, nacho ni kutojulikana. Mama yake hajui anakolala. Mwenye nyumba hajui anafanya kazi gani. Ukiwasha kamera umekichukua kitu hicho, na wewe utapanda ndege kwenda kwenye tamasha. Ridhaa aliyokupa siku ile mlipokuwa mkicheka pamoja aliitoa bila kujua ukumbi wa Hong Kong unafananaje.

Ndiyo maana namheshimu sana Feng Yan. Alikuwa akiishi Japani, na ndiye aliyekifikisha kitabu cha Ogawa kwa wasomaji wa Kichina. Alianza kurekodi kwenye bonde la mto Yangtze katika miaka ya 1990, wakati bwawa la Three Gorges likijengwa na watu zaidi ya 1,200,000 wakitakiwa kuhama. Filamu yake ilitoka mwaka 2007. Inamhusu mwanamke mmoja mkulima anayekataa kuondoka kwenye shamba lake mpaka apewe fidia anayoiona ni ya haki. Maafisa wanakuja, wanakaa, wanabembeleza, wanatisha. Yeye anaendelea kubeba machungwa yake kilimani. Lakini kinachobaki na mtu akitoka ukumbini ni maneno ya mwanamke huyo kuhusu ndoa yake na uzazi wake, aliyoyasema huku mikono ikifanya kazi. Maneno ya namna hiyo mwanamke hampi mtu aliyemfahamu wiki iliyopita. Feng alingoja mpaka yaje yenyewe.

Wu Wenguang, mzee wa fani hii, alifika mahali akaona kungoja hakutoshi. Kwa maneno yake na kwa filamu zake mwenyewe alianza kuhoji uhalali wa kwenda kuchukua maisha ya mtu na kurudi nayo nyumbani. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliwachagua wanakijiji kumi kutoka mikoa mbalimbali, wakawafundisha kamera kwa siku chache Beijing, wakawarudisha makwao wapige picha za uchaguzi na uongozi wa vijiji vyao. Baadhi yao hawakuiweka tena kamera chini. Mmoja ni mama wa makamo kutoka kijiji cha nje ya Beijing, na kuna ladha katika kazi yake ambayo hakuna mtu wa chuo angeipata: majirani wanamjibu huku wanachambua mboga, wanamkatiza, wanamwambia toka na hicho kidude chako. Hakuna mgeni pale. Ukimkosea jirani leo, kesho mnakutana kisimani.

Nisiwafiche hali ilivyo sasa. Filamu hizi nyingi zilitengenezwa bila kupitia idara ya ukaguzi, kwa hiyo hazina ile alama ya joka inayotangulia filamu iliyoruhusiwa. Hazikuweza kuingia kwenye kumbi za kawaida. Zilionyeshwa kwenye mikahawa, vyuoni, kwenye studio za wachoraji, zikanakiliwa kwenye diski na kupitishwa mkono kwa mkono. Matamasha ya kujitegemea yaliyoanzishwa Kunming, Nanjing na Songzhuang, kitongoji cha Beijing, yalibanwa moja baada ya jingine. La Kunming lilizuiwa mwaka 2013. Agosti 2014 lile la Songzhuang lilifungwa na maktaba yake ya filamu ikachukuliwa na polisi. La Nanjing lilisimamisha shughuli zake mwaka 2020. Kabla ya hapo, sheria ya filamu iliyoanza kutumika Machi 2017 ilikuwa imeweka sharti la kibali hata kwa filamu inayopelekwa kwenye tamasha la nje.

Matokeo yake yananiuma, na nadhani yanawauma wenyewe zaidi. Wang Bing anaonyeshwa Venice na Cannes. Mwaka 2023 alipeleka Cannes filamu kuhusu vijana wanaoshona nguo za watoto katika mji wa Zhili, mkoani Zhejiang, kazi aliyoirekodi kwa miaka kadhaa. Mimi nimeweza kuiona nikiwa mbali hivi. Lakini mshonaji wa Zhili hana ukumbi wa kwenda kukaa na wenzake wajione, wacheke, wabishe, waseme hapa umetusingizia. Deni limehama bara, na mwenye kudai amebaki nyumbani.

Nimalizie na msichana mmoja mtengenezaji, Zou Xueping, kutoka kijiji kimoja mkoani Shandong. Mwaka 2010 Wu Wenguang alianzisha mradi wa kukusanya kumbukumbu za wananchi. Aliwatuma vijana warudi vijijini kwao, wakawaulize wazee kuhusu njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961. Zou alirudi, akakaa na wazee, akatengeneza filamu yake ya kwanza kwa simulizi zao: walikula nini, nani alitangulia kufa, nani alizikwa bila jeneza.

Mwaka uliofuata akarudi tena, safari hii akiwa ameibeba filamu yenyewe. Akawaonyesha wazee walewale. Kisha akawauliza kama wanakubali aipeleke nje ya nchi. Kukazuka ubishi, na watu wa nyumbani kwake wakawa miongoni mwa waliokataa: haya ni ya ndani, ni aibu yetu, kwa nini wageni wayaone? Ubishi huo Zou aliufanya kuwa filamu ya pili. Mnamsikia akibembeleza, akikaripiwa na wazazi, akinyamaza. Waliomwelewa upesi zaidi walikuwa watoto wa kijiji, ambao hawakuwa wamewahi kusikia kwamba pale kwao watu walikufa njaa.

Katika filamu ya tatu, ya mwaka 2012, watoto hao wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi na kalamu. Wanawakuta wazee wamekaa kwenye vizingiti vya milango, wanawauliza majina ya waliokufa, kwa sababu wanataka yachongwe kwenye jiwe lisimame kijijini.